Mama hataki niende Korea, na binamu yangu ameshalipa wakala

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 26. Nilizaliwa Tanga, nikaja Marekani na wazazi nikiwa na miaka 9, na mpaka leo tunaishi Columbus, Ohio. Nina uraia wa huku na shahada ya sosholojia. Tangu nimalize chuo nafanya kazi ghalani, zamu ya usiku, na nimechoka mwili na roho.

Mwezi uliopita wakala mmoja alinipatia nafasi ya kufundisha Kiingereza kwenye kituo cha tuisheni katika mji wa Yeongju, mkoa wa Gyeongsang Kaskazini, Korea Kusini. Mshahara ni won milioni 2.4 kwa mwezi, chumba cha kulala bure, mkataba wa miezi 11. Mkataba unasema nitahesabiwa kama mtu aliyejiajiri, kwa hiyo nitakatwa asilimia 3.3 tu basi. Wakala anasema hiyo ni nafuu kwangu, nitabaki na hela nyingi mkononi. Anataka nisaini kabla ya Ijumaa. Ameomba pia nimtumie picha nyingine, nisiyovaa mtandio, eti mwenye kituo ndivyo anavyopenda.

Mama hataki kusikia. Anasema mji wenyewe haujulikani, hakuna Mswahili, hakuna msikiti, na nikiugua nani atanikorogea uji? Baba amenyamaza. Juzi mama amempigia hadi bibi, sasa bibi naye ananilaumu kwa ujumbe wa sauti.

Kuna jingine. Binamu yangu yuko Muheza, amesomea ualimu wa Kiingereza chuo kikuu na hajapata ajira. Aliposikia habari zangu, akampata wakala Dar es Salaam anayemwahidi viza ya kufundisha Korea hiyohiyo. Ameshatoa shilingi milioni 1.5 za fomu, sasa anadaiwa milioni 3 nyingine, na ameniomba mimi. Sarufi ya Kiingereza anaijua kuliko mimi. Naona aibu kumnyima wakati mlango huo mimi umenifungukia bure.

Niende? Nisaini? Nimtumie?

Binti wa Columbus

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu hilo lina pesa inayoweza kuondoka leo. Usitume. Hata shilingi moja.

Viza ya kufundisha lugha Korea huitwa E-2. Kwa walimu wa Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ayalandi na Afrika Kusini. Tanzania haimo. Kenya haimo, wala Uganda. Binamu yako angekuwa na shahada tatu na Kiingereza cha kumshangaza mkaguzi, pasipoti yake ingemzuia. Mimi naona huu ni uonevu, na nimelisema hilo mbele ya Wakorea wenyewe: vijana wetu wanaosoma na kufundisha kwa Kiingereza miaka yote wanawekwa kando, na mtu ambaye hajawahi kushika chaki anapokelewa kwa sababu ya rangi ya jalada la pasipoti. Lakini ndiyo sheria iliyopo, na huyo wakala wa Dar es Salaam ama haijui au anaijua vizuri sana. Hiyo milioni 3 ikiliwa, itafuata ya vipimo, kisha ya tiketi.

Akibadilisha maneno na kusema basi kuna kazi za viwandani, mwambie binamu yako asikubali pia. Mpango wa Korea wa kuajiri vibarua wa viwandani na mashambani kutoka nje, ulioanza mwaka 2004, unachukua watu kwa makubaliano ya serikali na serikali, na nchi zote zilizomo ni za Asia.

Njia ya halali ya Mtanzania kijana mwenye shahada nzuri ni masomo. Serikali ya Korea ina ufadhili uitwao Global Korea Scholarship: ada, nauli ya ndege, posho ya kila mwezi, na mwaka mzima wa kujifunza Kikorea kabla ya masomo yenyewe. Maombi ya shahada ya uzamili hupitia ubalozi wa Korea Dar es Salaam au vyuo vyenyewe, na kwa kawaida hutangazwa mwanzoni mwa mwaka. Hayahitaji wakala. Ukitaka kumsaidia binamu yako kwa pesa, mlipie gharama za kuthibitisha vyeti vyake wakati huo ukifika.

Na tafadhali mpigie simu, usimwandikie. Kijana aliyesoma na bado yuko nyumbani anabeba mengi asiyoyasema, na kutapeliwa juu ya hayo ni kidonda kikubwa. Mwambie atunze risiti, namba za simu na kila ujumbe, aende polisi. Huenda asirudishiwe, lakini wapo wengine wanaokaribia kulipa wiki hii.

Sasa wewe.

Nimewahi kufundisha Korea nikiwa na pasipoti ya Kanada, katika mji mdogo wa mkoa wa Jeolla Kusini, kwa hiyo ninaposema nenda, ninajua ninakokutuma. Nenda, mwanangu. Lakini si kwa mkataba huo.

Tuanze na miezi 11. Sheria ya Korea inampa mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja kiinua mgongo, sawa na mshahara wa siku 30 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Ukiondoka baada ya miezi 11 hupati kitu. Mwajiri anayeandika miezi 11 hakukosea kuhesabu.

Halafu hiyo asilimia 3.3, ambayo wakala anakuuzia kama zawadi. Hicho ni kiwango cha kodi cha mtu anayejitegemea, mwenye wateja wake na saa zake. Wewe utapangiwa ratiba, utapewa vitabu na darasa, na huruhusiwi kufanya kazi kwingine bila kibali. Huyo ni mwajiriwa. Wanakuandika umejiajiri ili wasichangie pensheni yako wala bima yako ya afya. Kwa viwango vya 2025, pensheni ilikuwa asilimia 4.5 kutoka kwako na 4.5 kutoka kwa mwajiri, na kuanzia 2026 inapanda kidogo kidogo. Raia wa Marekani anapoondoka Korea moja kwa moja anaruhusiwa kuomba arudishiwe yote, sehemu yake na ya mwajiri.

Piga hesabu. Kwa mshahara wa milioni 2.4, mwaka mzima pensheni ya pande zote mbili inafika kama won milioni 2.6. Ongeza kiinua mgongo, milioni 2.4 nyingine. Ni milioni 5, mishahara ya miezi 2 na zaidi. Hapo ndipo ilipo pesa ya kumtumia bibi, na ndiyo wanayotaka uiache mezani. Ujue pia kwamba milioni 2.4 si mshahara wa kutisha: kima cha chini cha Korea kwa 2025 kilikuwa won 10,030 kwa saa, ambacho kwa mwezi kamili kinakaribia milioni 2.1.

Naisisitizia karatasi hii kwa sababu ya kitu ambacho mama yako hakukitaja, nacho ndicho kinachofaa kuogopwa zaidi ya ukubwa wa mji. Viza ya E-2 imefungwa kwa mwajiri wako. Kuhama katikati ya mkataba kwa kawaida kunataka barua yake ya kukuachia. Chumba unacholala amekikodi yeye. Kwa hiyo mkigombana, kazi, nyumba na haki ya kukaa nchini vinatetereka kwa siku moja. Mwalimu aliye Seoul atapata rafiki wa kumhifadhi na kituo kingine mtaa wa pili. Yeongju, penye watu kama laki moja, vituo vinavyoajiri wageni ni vichache na wenyewe wanajuana. Mji mdogo unalea vizuri mtu mwenye mwajiri mwema, na mwenye mwajiri mbaya unamchosha haraka.

Wajibu kwa maandishi, kwa adabu: unataka miezi 12, uandikishwe kama mwajiriwa mwenye pensheni na bima ya afya, saa za kufundisha zitajwe kwa wiki, na likizo itajwe kwa siku. Omba kuzungumza na mwalimu mgeni aliyepo au aliyeondoka, bila mwenye kituo kusikiliza. Muulize mambo mawili tu: mshahara ulikuja kwa tarehe? Na majira ya baridi chumba kilipata joto? Nyumba za Korea hupashwa moto kupitia sakafuni, raha tupu, lakini gesi ya Januari ni ghali na mlima wa Sobaek uko jirani. Wakisema haiwezekani kumwona mwalimu yeyote, umeshapata jibu lako.

Kuhusu picha. Kuweka picha kwenye maombi ya kazi ni desturi ya kule, Mkorea naye huweka. Kukuambia uvue mtandio ni jambo jingine. Hakuna sheria ya Korea inayomkataza mwalimu kuvaa mtandio. Ila pia hakuna sheria moja ya jumla ya kuzuia ubaguzi, kwa hiyo kituo kinaweza kukukataa na ikawa vigumu kukishitaki. Tuma picha ya jinsi utakavyoingia darasani. Atakayekukataa kwa picha hiyo amekuokoa na mwaka mzima wa kuvua na kuvaa. Na sitakuficha: wapo wenye vituo wanaotaka mwalimu mweupe na wanasema hivyo waziwazi. Utakataliwa mahali ambapo mwenzako mwenye sifa chache kuliko zako atapokelewa. Itauma. Usiruhusu ikufanye usaini karatasi mbovu kwa kuogopa kwamba hakuna mwingine atakayekutaka.

Maana yupo. Wizara ya elimu ya Korea ina mpango wake wa kuleta walimu wageni katika shule za serikali, EPIK, tangu mwaka 1995, na mkoa huo wa Gyeongsang Kaskazini umo. Kwa aliyezaliwa nje kama wewe wanataka uwe umesoma nchi ya Kiingereza tangu darasa la saba na kuishi huko angalau miaka 10. Wewe umepita. Unachokosa ni cheti cha kufundisha Kiingereza cha saa 100 au zaidi, ambacho unaweza kukisomea kabla ya kuingia zamu. Unafundisha saa 22 kwa wiki, mchana, pamoja na mwalimu Mkorea, na chumba unapewa. Kwa asiye na uzoefu mshahara wa kuanzia unaweza kuwa chini kidogo ya huo ulioahidiwa, lakini pensheni, bima na kiinua mgongo hazina mjadala. Mmarekani wa shule ya serikali anaweza pia kusamehewa kodi ya mapato ya Korea miaka 2 ya kwanza, akileta cheti cha ukaazi kutoka mamlaka ya kodi ya Marekani. Kasoro yake ni kwamba mji huchagui, unapangiwa, na huenda ukawa na shule mbili au tatu za kuzungukia kwa wiki. Watoto wamepungua mno: mwaka 2023 wastani ulikuwa watoto 0.72 kwa kila mwanamke. Shule za mashambani zinafungwa, zilizobaki zinagawana mwalimu.

Kituo cha tuisheni ni maisha mengine. Watoto wanakuja wametoka shule, wamechoka, nawe unaanza mchana na kumaliza usiku. Usiwahukumu wazazi wao. Siku ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, kila Novemba, ndege huzuiwa kuruka na kutua wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza. Nchi inayofunga anga kwa ajili ya kipindi kimoja cha Kiingereza, lazima mzazi wa Yeongju atafute ada ya tuisheni. Kuna vituo vyema sana, na walimu wanaorudia mkataba mara ya pili na ya tatu. Mimi ningekuwa wewe ningeomba EPIK na kuendelea kutafuta kituo chenye mkataba halali, kisha nichague kitakachokuja kimenyooka.

Anza na vyeti kesho, kwa sababu ndivyo vinavyochelewesha watu. Cheti cha tabia njema kutoka FBI, chenye apostile, yaani muhuri wa kuifanya hati itambulike nchi nyingine, ya Wizara ya Mambo ya Nje kule Washington. Nakala ya shahada iliyothibitishwa na mthibitishaji, yenye apostile ya jimbo. Maombi ya EPIK ya kuanza Agosti hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, mapema kuliko unavyodhani, na ya kuanza Februari hufunguliwa katikati ya mwaka.

Tuje kwa mama. Mama yako hana kosa, ila anapigana na kitu ambacho hajakiona, kwa hiyo mwonyeshe. Yeongju si mwisho wa dunia. Treni ya kasi kutoka kituo cha Cheongnyangni, Seoul, inafika kwa chini ya saa mbili. Ni nchi ya matufaha na jinseng, mzizi wa dawa, na wazee wake wanaheshimu mwalimu kwa namna ambayo bibi yako angeielewa bila mkalimani: utasalimiwa kwa kuinamiwa, utapewa kitu kwa mikono miwili, na utaulizwa umri kabla ya jina. Utakodolewa macho pia. Watoto watataka kugusa ngozi yako, na bibi mmoja sokoni atakuvuta mkono akupe tunda. Mwanzoni unachoka. Baadaye muuza mboga anakujua, dereva wa basi anakujua, na siku usipopita wanauliza. Huko kwenye miji mikubwa hayo huyapati.

Msikiti usiutarajie mjini hapo, mwambie ukweli. Msikiti mkuu uko Seoul, mtaa wa Itaewon, tangu 1976. Mwambie pia ukweli wa Daegu, mji mkubwa wa karibu: Waislamu, wengi wao wanafunzi wa Pakistani, walikuwa wakijenga msikiti karibu na Chuo Kikuu cha Taifa cha Kyungpook. Mwaka 2021 ujenzi ukasimamishwa kwa malalamiko ya majirani, Mahakama ya Juu ikawapa haki Waislamu 2022, na bado kuna waliokuja kuweka vichwa vya nguruwe mbele ya eneo lile. Hayo yametokea. Akiyasikia kutoka kwako ni bora kuliko ayaone kwenye simu ukiwa umeshaondoka. Na wakati huohuo wapo majirani na wanaharakati Wakorea waliosimama na wanafunzi wale.

Waislamu wa miji midogo ya Korea huwaoni kwenye vitabu vya watalii. Ni vibarua wa Uzbekistani, Indoneshia na Bangladeshi, wako viwandani na mashambani. Palipo na hao pana duka lenye nyama ya halali kwenye jokofu, na mara nyingi pana chumba cha kuswalia ghorofani. Watafute wiki ya kwanza. Utaitwa dada kabla hujamaliza salamu. Nguruwe yumo kwenye vyakula vingi vya shuleni na hata kwenye supu za pakiti, kwa hiyo beba chakula chako, na useme mapema kwamba huli nguruwe wala hunywi pombe. Wenzako watakualika chakula cha jioni baada ya kazi. Nenda. Jaza glasi yako maji na uwamiminie wengine. Kutokwenda ndiko kunakowaumiza. Samaki hutakosa: Andong, mji wa jirani, unasifika kwa makareli wa kukolezwa chumvi, desturi iliyoanza kwa sababu bahari iko mbali, na mtu wa Tanga aliyekulia ng'onda hatahitaji kuelezwa.

Watu wa kwetu pia wapo, ingawa si jirani. Vyuo vya Daegu na Gyeongsan vina wanafunzi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, na Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni kinafundisha Kiswahili chenyewe kwa Wakorea. Siku moja utasalimiwa "hujambo" na kijana wa Seoul.

Na jambo hili mwambie bibi, litampendeza. Korea iko saa 6 mbele ya Tanga, kwa hiyo saa ya ukutani kwako itasoma vilevile kama Waswahili wanavyohesabu. Kwako saa 8 mchana kwa hesabu yetu, ambayo Wakorea huiandika 2, Tanga ni saa 2 asubuhi. Atakachosema bibi ndicho utakachokiona ukutani. Columbus mnagombana na saa kila mkipigiana.

Ukifika, omba kadi ya mkaazi ndani ya siku 90. Mwombe jirani akufundishe kutenganisha taka, kuna mifuko maalumu ya kununua, na hapo ndipo wageni wengi hugombana na mtaa. Hifadhi namba mbili kwenye simu: 1345 ya uhamiaji na 1350 ya wizara ya kazi. Zote zina wanaojua Kiingereza. Mshahara ukichelewa, piga 1350 mwezi uleule, usingoje kuonewa huruma.

Ijumaa usisaini. Mpe wakala masharti yako kwa barua pepe, na uende kwa mama na ramani, mkae naye, baba naye aulizwe anavyoona. Mkataba mpya ukija, futa majina uniletee. Nitausoma wote, na nitakujibu kabla hujashika kalamu.